Ua la Kutoka Mlangoni Pangu

Siku mama yangu alipoanza kutembea kwa miguu hapa Brooklyn Park, Amerika, nilipigiwa simu nne kabla ya saa sita mchana. Huku watu hawatembei. Mtu anatoka mlangoni, anaingia garini, anashuka kwenye maegesho ya duka, basi. Anayeonekana kando ya barabara kubwa kwa miguu ama gari limemharibikia ama amefukuzwa nyumbani. Waumini wenzangu walipomwona mama wa miaka sabini na moja, leso kiunoni juu ya koti langu la theluji, akitembea polepole huku ameinamia nyasi, waliamua ni hilo la pili.

"Bwana asifiwe, ndugu," mama mmoja wa kwaya aliniambia. "Nime-pass mama yako hapa kwa barabara. Nika-slow down, nikamwambia aingie nimdrop, akakataa. Anasema anatafuta. Nikamuuliza anatafuta nini, akasema ua. Sasa nauliza, mko sawa huko kwa nyumba?"

"Tuko sawa."

"Kama kuna kitu, wewe sema tuombe."

Nilikuwa kazini Lakeville, kusini kabisa, karibu saa nzima kwa gari kutoka kwangu. Nilikuwa nikimvalisha soksi mzee mmoja niliyemhudumia katika nyumba ya wazee. Nilisema hakuna kitu, nikakata simu, nikazivuta zile soksi mpaka mzee akaguna. Nilikuwa na hasira. Mama alikuwa amekaa nami tangu Novemba, amevumilia baridi bila neno, na sasa theluji imeondoka tu ameanza kuniaibisha. Sikutaka kumweleza mama wa kwaya ua hilo ni la nini, kwa sababu ningelazimika kusema kwamba ni langu.

Baba yangu alizikwa bila mimi. Karatasi zangu zilikuwa bado mezani kwa serikali, na wakili alinieleza wazi kwamba nikitoka nchini nisitegemee kurudi. Nilitazama mazishi kwenye simu alfajiri, nimekaa garini kwenye maegesho ya kazini, hita ikivuma miguuni. Niliona mwendeshaji wa shughuli akiwaita wa kuweka mashada: mjane, watoto, wajukuu, wakwe, majirani. Shada langu lilibebwa na binamu. Jina langu likasomwa, picha ikakwama, na iliporudi walikuwa wameshafika kwa walimu wa shule ya msingi.

Lakini shada kwetu, huko milima ya Taita, si kitu kikubwa. Linanyauka kabla sufuria hazijarudishwa kwa wenyewe. Katika ukoo wetu chenye uzito ni kinachofuata, wageni wakishaondoka. Kila mtoto wa marehemu anarudi na ua alilolichimba kwake mwenyewe, mlangoni pake, analipanda kaburini. Halinunuliwi dukani wala haliombwi kwa jirani. Aliyelala pale anatakiwa ajue kila mtoto wake amefika wapi na pale mlangoni pake kunaota nini. Tuko wanne, na kaburi lina kona nne. Kaka yangu alileta bogenvilia kutoka kwake Voi. Dada mkubwa alileta waridi, na anayemfuata akaleta yungiyungi. Kona ya nne, upande wa miguu, ilibaki udongo mtupu. Hiyo ilikuwa ya kitinda mimba, yaani mimi.

Mashangazi walitaka kuijaza ili kaburi lisionekane na pengo. Mama akakataa. Alisubiri mwaka mzima, akapata viza, akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, akafika na mkoba wa unga wa mtama na sababu moja ya safari.

Mimi nilidhani amekuja kunisalimia. Siku ya pili asubuhi alikunywa chai, akasogeza pazia, akatazama magari yaliyofunikwa na theluji.

"Mlango wako ni upi?" akauliza.

"Ni uleule tulioingilia jana, mama."

"Ule wenye ngazi? Nje yake kuna nini?"

"Kuna simiti."

Akaweka kikombe chini, akanieleza kona ya nne. Alieleza taratibu, bila lawama, na ndiyo maana niliumia. Angenifokea ningejua la kujibu. Nilimwambia huku majira yana zamu yake, asubiri hadi Aprili, maua yatatoka. Sikuwa na hakika. Nilikuwa nimeishi hapa miaka kumi na moja na sikumbuki kuwahi kuinama nikatazama ua. Nilikuwa mtu wa zamu mbili, nikitoka kazi moja naingia nyingine, na majira niliyajua kwa nguo ninazovaa.

Basi tukasubiri. Tiketi yake ilikuwa ya wiki ya pili ya Mei. Machi theluji ikageuka rangi ya majivu, mama akaanza kupiga hesabu ya siku kwa sauti. Katikati ya Aprili, miti ikiwa bado mikavu, theluji ikaanguka upya usiku kucha. Asubuhi alisimama dirishani mikono kiunoni.

"Nchi hii imemkosea nani?" akaniuliza.

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa naogopa. Niliona wazi kwamba mama anaweza kurudi mikono mitupu. Ingebidi awaambie ndugu zangu kwamba mlangoni kwa mdogo wao hakuoti kitu. Kwa umri wake asingerudi tena Amerika, na mimi sikujua kama nitawahi kwenda. Kona ile ingebaki vile. Ndiyo maana theluji ile ya Aprili ilipoyeyuka hakungoja nitoke kazini, akavaa koti langu akaenda kutafuta mwenyewe.

Yule mzee wa Lakeville alikuwa amefuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote, na ile siku ya soksi aliniuliza nani amenikasirisha. Nikamwambia yote, sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa na umri wa baba. Hakucheka. Alisema ninatafuta mahali pasipofaa. Kando ya barabara hakuna kitu ila chumvi ya majira ya baridi. Niende kwenye miteremko ya mto, chini ya miti mikubwa, kabla miti haijatoa majani. Maua ya huko hutoka mbio, hula jua wiki mbili tatu, na majani yakifunga juu yanaondoka hadi mwaka ujao.

"Hayamngoji mtu," akasema. "Nenda Jumapili hii."

Jumapili tulipotoka kanisani sikugeuza gari kwenda nyumbani. Tulishuka hadi kwenye msitu mdogo ulio juu ya mto Mississippi, mama akiwa na viatu vyake vya kanisani. Kwa mbali hakukuwa na kitu, majani makavu ya mwaka jana tu. Nilikuwa nimeshaanza kumlaani mzee wa watu kimoyomoyo. Halafu mama, aliyekuwa mbele yangu, akasimama ghafla, akainua mguu mmoja na kubaki nao hewani, akitafuta pa kuuweka.

Yalikuwa yamejaa. Meupe, kila moja limesimama peke yake juu ya kishina chekundu, na jani moja pana limejizungusha kwenye shina hilo. Katikati yake kulikuwa na madogo ya samawati yenye vinyweleo shinani, na kule bondeni maji yanakotuama, manjano mtupu. Sikuamini. Nilikuwa nikipita juu ya daraja lililo karibu na pale mara mbili kwa siku, miaka kumi na moja.

Mama alipiga magoti na gauni lake la Jumapili. Akaligusa lile jani kwa kidole.

"Tazama," akasema, "limejifunga leso. Linasikia baridi."

Hajawahi kuwa mtu wa kucheka sana, lakini pale alicheka. Akawa anatoka kwenye ua hili anaenda kwenye lile, anaongea nayo kwa Kitaita kama anavyoongea na vifaranga, anayapa pole kwa mahali yalipozaliwa. Nilimfuata nyuma nikiwa nimembebea mkoba. Kama ningeambiwa nichague siku moja ya kurudishiwa katika maisha yangu ya huku, ningechukua saa ile, mama akiwa na matope magotini na jua likipita kwenye matawi matupu.

Halafu nikaiharibu mwenyewe. Yeye alipoteremka kuyatazama yale ya manjano, nilitoa kijiko nilichokuja nacho mfukoni, nikachimba ua moja jeupe, kubwa kuliko yote. Nilijiambia kazi imekwisha. Mzizi ulikuwa mnene kuliko nilivyotarajia, ukakatika, na ulipokatika ukatoka utomvu mwekundu ukanitiririkia vidoleni. Niliufunga kwenye karatasi ya tangazo la kanisa, nikauficha chini ya kiti cha gari.

Nilitaka kumfurahisha akifika nyumbani. Nilipofungua ile karatasi mbele ya ngazi zetu, petali zote zilikuwa zimeanguka. Kilichobaki ni kishina, jani lililolala, na mikono yangu yenye madoa mekundu. Mama alitazama mikono kwanza.

"Umefanya nini?"

"Ni la kona yangu, mama. Nimekutafutia lililo zuri."

"Umelitoa mlangoni kwa nani?"

"Si kwa mtu. Ni msitu tu."

"Msitu tu," akarudia. "Wewe ulilelewa wapi? Baba yako alale na kitu ulichoiba, kinachotoa damu?"

Hapo ndipo hasira yote ya miezi ile ikanitoka. Nilimpandishia mama yangu sauti, jambo ambalo sikuwahi kulifanya na sijalifanya tena. "Mimi sina mlango!" nikamwambia. "Huelewi? Hapa nimepanga. Nyasi ni za mwenye nyumba, ngazi ni zake, hata hiyo simiti ni yake. Kaka ana kiwanja, dada wana viwanja, mimi sina pa kuchimba. Waambie hivyo. Waambie mdogo wao hana mlango."

Jirani mmoja alifungua dirisha, akalifunga. Mama aliikunja ile karatasi juu ya ule mzizi kwa uangalifu mwingi, akarudi garini, akaketi, akafunga mkanda.

"Tulirudishe," akasema.

Tuliendesha hadi kule. Alilipanda mwenyewe kwenye shimo lilelile, akalifunika na majani makavu, akaliomba msamaha kwa niaba yangu, kwa Kitaita, akitaja ukoo wangu wote ili ieleweke ni nani aliyekosa. Njiani tukirudi nililia. Nilisema naomba msamaha, mama, na sikujua ni wa ua, wa kelele au wa mazishi. Akaniambia nitazame barabara.

Siku zilizobaki hatukulitaja tena lile jambo. Mzee wa Lakeville nilipomweleza alinikemea pia. Alisema hairuhusiwi kuchimba kitu kule, na kwamba ua kama lile huchukua miaka kutoka kwenye mbegu hadi kuchanua. Nikawa nimekemewa na wazee wawili wa mabara mawili kwa kosa moja. Mama akaanza kupanga mzigo. Aliacha kutembea. Watu wa kanisani walipiga simu kuuliza mbona haonekani barabarani, anaumwa?

Zilibaki siku nne. Nilirudi kutoka kazini mchana nikamkuta ameketi kwenye ngazi ya chini, miguu peku juani, anatazama sakafu. Nilidhani amechoka.

"Njoo uone," akasema.

Mahali ngazi inapokutana na njia ya kupitia kuna ufa kwenye simiti, mwembamba, hauingii hata ncha ya kalamu. Humo kulikuwa na majani yaliyochongoka, yamelala chini, na katikati ua la manjano. Nililijua. Kila mtu hapa analijua. Mei inapofika linajaa kwenye kila nyasi, na watu wanapuliza dawa kulimaliza. Hata jina la heshima hawalipi. Kwangu lilikuwa takataka.

"Hilo ni gugu, mama. Hapa wanalipiga vita."

Alichuma jani, akalifuta kwenye leso, akalitia mdomoni. Alitafuna akiwa amefumba macho. Kisha akanipa kipande. Kilikuwa kichungu, uchungu ambao ulimi wangu ulikuwa umeusahau, na papo hapo nikaona sufuria ya Jumamosi jikoni kwetu, mboga ya mchunga iliyotiwa tui, baba akidai aongezewe na sisi watoto tukikunja nyuso. Mchunga haupandwi. Unajiotea penye mahindi, njiani, popote, una majani ya namna hiyohiyo na ua la manjano la namna hiyohiyo.

"Si mchunga kabisa," mama akasema. "Lakini ni ndugu yake."

Kisha akashusha sauti.

"Mchunga uliota kwenye kona yako. Wiki mbili tu baada ya kumzika. Nikaung'oa, nikasema gugu haliwezi kukaa kwenye kaburi la mume wangu. Ukaota tena. Nimekuwa nikiung'oa kila Jumamosi, mwaka mzima. Nimepanda ndege kuja kutafuta ua lako huku, na lilikuwa limefika kabla yangu."

Niliketi kando yake kwenye ile simiti ambayo si yangu, bado nina sare ya kazini. Kulikuwa na joto la kwanza la mwaka. Tulikaa mpaka kivuli kikafika miguuni mwetu, akasema ana njaa.

Hakubeba mzizi wala mbegu. Uwanja wa ndege wasingemruhusu, na yeye alisema hapakuwa na haja. Alipofika alinipigia akasema kona ile hakuna wa kuigusa tena. Miezi miwili baadaye binamu akanitumia picha: bogenvilia, waridi, yungiyungi, na upande wa miguu mchunga umesimama na maua matatu ya manjano, hauna aibu yoyote. Niliiweka kwenye simu, nikamwonyesha mzee wa Lakeville. Alivaa miwani, akaitazama muda mrefu, akasema ni shamba zuri. Mwaka uliofuata naye hakuwepo.

Tangu hapo natembea. Kila mwisho wa Aprili naenda peke yangu kwenye mteremko ule, natafuta mahali nilipochimba. Mwaka wa kwanza hapakuwa na kitu. Wa pili palitokea jani moja, limejifunga leso yake. Wa tatu likachanua. Watu wa kanisani sasa wananipigia mimi: "Bro, nimekuona una-walk, gari imekufa?" Na kijana anayekuja Mei na tangi la dawa mgongoni tumeshaelewana; anapuliza uwanja mzima, akifika kwenye ngazi zangu anapita.

Karatasi zangu zilitoka majira ya kuchipua ya mwaka huo wa tatu. Nilikata tiketi wiki ileile. Sitasimulia uwanja wa ndege wala vigelegele. Nilishuka garini, nikasalimia wazee, nikaweka mzigo, nikamwambia mama nataka kwenda kwa baba kabla ya chai. Alikuwa anatembea kwa fimbo sasa. Tulipofika kaburini nilisimama.

Lilikuwa limefagiliwa. Mke wa kaka yangu, aliyefika kutoka Voi bila kujua habari ya kona yangu, alikuwa amesikia mgeni wa Amerika anakuja, akaamka mapema na jembe, akasafisha kila kitu ili tusiaibike. Bogenvilia ilikuwa imekatwa vizuri, waridi limepaliliwa. Kona yangu ilikuwa udongo mwekundu mtupu, umechanwa safi. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yetu, anangoja ashukuriwe.

Nikamshukuru. Ningefanyaje? Alikuwa amefanya kwa mapenzi. Lakini nilichuchumaa pale kwenye kona, miaka kumi na minne na safari yote ile, na hakuna kitu.

Mama alinishika mkono kama zamani akinifundisha kuandika. Akakichukua kidole changu cha shahada, akakitia udongoni, akakisukuma hadi kikagusa kitu kigumu, chenye unyevu. Ulikuwa mzizi uliokatika.

"Mimi nimeung'oa mwaka mzima," akasema. "Huyu ameupiga jembe mara moja."

Nilikaa wiki tatu. Kila asubuhi nilienda kutazama kabla ya kupiga mswaki, na shemeji, aliyekwisha kuelezwa, alikuwa akinitangulia na kikombe cha maji. Siku moja kabla ya kuondoka kulikuwa na majani mawili, madogo, bado yamekunjamana. Nilichuma moja nikalitafuna. Nililia sasa, kwa sauti, kilio cha mazishi ambacho nilikuwa nacho tangu ile alfajiri garini, na hakuna aliyenizuia. Nilipomaliza nilinyoosha mkono kwenye jani la pili.

Mama akanipiga kofi kwenye vidole.

"Acha," akasema. "Hilo ni la baba yako."